Mtoto naye aambiwe



Kwa kawaida katika mazungumzo haya ya kila juma huwa nazungumza nanyi juu ya mambo yanayowahusu wananchi kwa jumla: bei ya mbolea, ajali za barabarani, malezi ya vijana wetu. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie jambo lililonipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu. Nimelifikiria sana kabla ya kulileta hapa, kwa kuwa si desturi yetu kuanika hadharani mambo ya ndani. Lakini nimeona kwamba halinihusu mimi peke yangu. Najua wako wengi wanaonisikiliza saa hii wakiwa na barua kama yangu mfukoni.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Itaka, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Huko ndiko anakoishi mama yangu mzazi, na ndiko anakosoma binti yangu wa darasa la sita. Mimi nafanya kazi Tunduma, mpakani, katika ofisi ya wakala wa forodha. Chumba nilichopanga ni kimoja, na kazi yenyewe haina saa. Kwa hiyo tangu mtoto alipoanza darasa la kwanza tulikubaliana na mama kwamba akae kwake. Kila mwisho wa mwezi napeleka sukari, sabuni na fedha kidogo. Siku ya kufunga shule huwa nakwenda mwenyewe, wala sikosi.

Juni kwetu ni mwezi wa baridi. Wenzetu wa Ulaya hufunga shule katikati ya mwaka ili watoto wakaote jua. Watoto wa Mbozi hufunga shule wakiwa wamevaa masweta, mahindi yamekauka mashambani yakingoja kuvunwa, na kahawa imeanza kuwa nyekundu mitini. Ijumaa ile asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri tulipoketi wazazi kwenye madawati yaliyotolewa nje. Mwalimu mkuu alisoma taarifa ya muhula: mahudhurio, matokeo ya mitihani, matundu ya vyoo yanayopungua, na mchango wa chakula cha mchana ambao baadhi yetu tulikuwa hatujaumaliza. Kisha wakaitwa wanafunzi kumi bora wa kila darasa, mmoja mmoja.

Binti yangu aliitwa wa nne. Alikwenda mbele mbio, akapewa madaftari mawili na kalamu, akageuka kunitafuta kwa macho. Nilipiga makofi. Nilipiga sana kuliko wengine, mpaka mama mmoja aliyeketi kando yangu akacheka, akaniambia, "Mama, leo utavunjika mikono." Hakujua kwamba ndani ya mkoba nilioupakata mlikuwa na barua.

Barua hiyo nilipewa Jumatano. Ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Ilisema kwamba kutokana na kupungua kwa shughuli, uongozi unakusudia kupunguza idadi ya wafanyakazi, na kwamba sote tunaitwa kwenye kikao siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, kulijadili jambo hilo. Chini kabisa palikuwa na mstari wa kutia saini kwamba nimeipokea. Nikatia saini. Tuko makarani tisa, na hakuna aliyejua nani atabaki na nani ataondoka.

Basi shughuli ya shule ilipokwisha, mwalimu wa darasa akanikabidhi karatasi nyingine: ripoti ya mtoto. Hisabati vizuri, Kiswahili vizuri sana, Kiingereza bado. Nayo chini kabisa ilikuwa na nafasi ya maoni ya mzazi, na mstari wa kutia saini. "Utaandika nyumbani, mama," mwalimu aliniambia. "Aje nayo tukifungua."

Tukashika njia kurudi kwa bibi yake. Mtoto alikuwa ametangulia hatua chache, madaftari yake mapya ameyakumbatia kifuani. Ghafla akasimama, akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Mama, shule ikifunguliwa nitakuwa bado hapa, au tutahama?"

Nikamwuliza ni nani aliyemwambia habari za kuhama. Akasema hakuna aliyemwambia. Ila Jumatano usiku nilipopiga simu nilizungumza na bibi muda mrefu, na bibi alipomaliza kuzungumza hakumaliza chakula chake.

Ndugu msikilizaji, mtoto yule hakusikia hata neno moja la mazungumzo yetu. Aliona sahani. Hiyo ilimtosha kujua kwamba kuna jambo, na kwa kuwa hakujua ni jambo gani, alijitafutia mwenyewe kubwa kuliko yote aliyoweza kuyafikiria: kwamba atahamishwa, aache shule, bibi yake na rafiki zake.

Wengi wetu husema, "Mtoto ni mtoto tu, haya mambo ya watu wazima tusimbebeshe." Nami siku zote nilijiambia hivyo, ingawa kama kuna mtu ambaye hakupaswa kusema hivyo, ni mimi. Nitawaeleza sababu.

Mwaka 1994 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na tulikuwa tukiishi Tunduma. Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma. Ilikuwa ni miaka ya kurekebisha mashirika ya umma, kazi iliyopewa tume maalumu tangu mwaka 1992. Mashirika mengine yaliuzwa, mengine yalifungwa, na neno "kupunguzwa" likaingia katika nyumba za wafanyakazi kama vile neno "ukame" linavyoingia katika nyumba za wakulima. Baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Lakini sisi hakutuambia.

Siku ya kufunga shule mwezi Juni mwaka ule alikuja shuleni, akasikiliza matokeo yangu, akaninunulia soda na maandazi mawili. Sijawahi kumwona mchangamfu kama siku ile. Kila asubuhi ya likizo aliamka saa kumi na mbili, akavaa shati lake lililopigwa pasi, akachukua mkoba wake na chakula alichofungiwa na mama, akaaga. Kila jioni alirudi saa kumi na moja.

Siku moja mama alinituma kununua mafuta ya taa. Nikapitia njia ya kituo cha reli. Pale nje ya kituo cha TAZARA, kwenye benchi, nikamwona baba yangu. Mkoba ulikuwa pembeni yake na gazeti la zamani mkononi. Siku ile hapakuwa na treni ya abiria. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa kwa nini alichagua pale: kituo cha treni ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa kutwa nzima pasipo kuulizwa anasubiri nini.

Nikajificha nyuma ya kibanda, kisha nikarudi kwa njia nyingine. Jioni baba aliporudi nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo, baba. Habari za kazi?" Akanijibu, "Marahaba. Nzuri tu, mwanangu. Nimechoka kidogo."

Likizo nzima niliitunza siri ile. Yeye alinificha mimi, nami nikamficha yeye kwamba najua. Na katika akili yangu ya utoto nilikuwa nimekwisha kupata sababu. Mwezi Mei nilikuwa nimemwomba baba viatu vipya vya shule, nikamsumbua sana. Nikaamini kwamba alikwenda kuomba fedha za viatu ofisini, wakubwa wakakasirika, wakamfukuza. Nikaamini kwamba mimi ndiye niliyemponza baba yangu.

Shule ilipofunguliwa tulipewa barua za michango tuwapelekee wazazi. Ya kwangu niliificha chini ya godoro. Sikutaka baba aione, maana nilijua hana. Majuma matatu baadaye niliitwa jina langu mbele ya wanafunzi wote, nikarudishwa nyumbani. Baba alikuwa nyumbani siku ile. Alinitazama, akaitazama barua niliyoitoa chini ya godoro, akaelewa kwamba nilijua, na kwamba nilijua siku nyingi. Ndiyo siku pekee niliyomwona baba yangu amekosa la kusema. Mwaka uliofuata tukahamia Itaka, akalima, akapanda mikahawa. Alikuwa baba mwema hadi siku alipofariki dunia. Lakini juu ya likizo ile hatukuzungumza kamwe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni Ijumaa ile njiani, nikiwa nimesimama mbele ya binti yangu mwenye umri kama niliokuwa nao mimi mwaka ule.

Kabla sijaendelea, naomba nieleze kidogo kwa nini kazi yetu ya mpakani imetetereka, ili mtu asidhani kwamba namlaumu fulani. Tunduma ni lango. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita pale yakiwa na mafuta, mbolea na bidhaa za kila namna, na hurudi na shaba. Zamani lori lilikaguliwa upande wetu, likavuka, likakaguliwa upya upande wa Nakonde. Hati zilikuwa nyingi, mihuri ilikuwa mingi, na foleni ilikuwa ndefu. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais wa wakati huo, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, walizindua kituo cha pamoja cha forodha ili ukaguzi ufanyike mara moja tu. Siku hizi hati nyingi hutumwa kwa kompyuta hata kabla lori halijafika mpakani. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ndipo wengi wetu tulipotambua jinsi ugali wetu unavyotegemea lango moja.

Tena mwezi Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua reli ya TAZARA, wa thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4, ambapo kampuni ya Kichina itaiendesha reli hiyo chini ya makubaliano ya miaka 30. Reli ile ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikibeba tena mizigo kama ilivyokusudiwa, ni wazi kwamba sehemu ya mizigo itatoka barabarani.

Sisemi haya kwa kulalamika. Lori likipita upesi, nauli ya mzigo hupungua, na mkulima wa Mbozi hupata mbolea kwa wakati. Hiyo ni faida ya taifa. Lakini tuseme kweli: foleni iliyokuwa kero kwa madereva ilikuwa riziki kwetu sisi makarani, kwa mama lishe, kwa wabeba mizigo, kwa wabadilisha fedha na kwa wenye nyumba za kulala wageni. Jambo linaweza kuwa jema kwa nchi na bado likamkuta mtu mmoja na karo yake, kodi yake ya chumba na mtoto wake. Mtu huyo si adui wa maendeleo akiuliza, "Na mimi je?"

Jibu la kwanza la swali hilo liko katika sheria, na inafaa kila mfanyakazi alijue kabla barua haijamfikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kuamka asubuhi na kuwapunguza watu. Ni lazima atoe taarifa mapema kwamba anakusudia kufanya hivyo, aeleze sababu, na ajadiliane na wafanyakazi au chama chao: je, kuna njia ya kuepuka? Wangapi wataondoka? Watachaguliwa kwa kigezo gani? Watalipwa nini? Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala ya notisi.

Kuna pia kiinua mgongo. Sheria inataka mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi, akipunguzwa, alipwe mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka alioukamilisha, lakini isizidi miaka kumi. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa juma. Mshahara wake wa siku moja ni shilingi 15,000. Ikiwa amefanya kazi miaka minane, basi ni siku saba mara nane, siku 56. Jumla shilingi 840,000. Si fedha nyingi. Lakini ni haki yake, na asiyeijua hesabu hii anaweza kupewa laki mbili akashukuru.

Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anaweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila asichelewe, kwani muda aliopewa ni siku 30. Na kwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii aliyechangia angalau miezi 18, kuna fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa hiyo usisubiri siku ya kuondoka ndipo uulize kama michango yako ilikuwa ikipelekwa. Kaulize sasa.

Hayo ni ya ofisini. Sasa turudi nyumbani, maana huko hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutoa notisi.

Jioni ya Ijumaa, baada ya kula, tulikuwa watatu jikoni tukiota moto: mama, binti yangu na mimi. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mama pembeni, tukakubaliana. Nikamwambia mtoto hivi: "Mwanangu, uliniuliza swali njiani. Ofisini kwetu kazi imepungua. Jumatatu tutaitwa kwenye kikao. Huenda nikabaki, huenda nikaondoka. Mpaka sasa sijui. Siku nitakayojua, wewe na bibi mtakuwa wa kwanza kuambiwa. Hapa huhami. Shule huachi. Na jambo hili si kosa lako, wala halikutokana na kitu chochote ulichoniomba."

Alinyamaza kidogo, akichokoa moto kwa kijiti. Kisha akasema, "Basi vile viatu usininunulie. Hivi nilivyo navyo fundi atavishona."

Nikamwambia kwamba vitashonwa kwanza, na vikishindikana tutatafuta njia. Akafikiri tena. "Na wewe Tunduma utakula nini?"

Hilo sikuwa na jibu lake tayari. Mama yangu ndiye aliyeniokoa. "Atakula tunachokula sisi," alisema. "Kwani hapa ni kwa nani?"

Mtoto akaenda kulala, na dakika chache baadaye tukasikia anakoroma. Mimi nikabaki na mama. Ndipo nilipomweleza, kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya thelathini, kwamba mwaka ule wa 1994 nilimwona baba kituoni. Nilitazamia ashangae. Hakushangaa.

"Mimi nilijua siku ya tatu," alisema. "Viatu vyake vilirudi na vumbi la kokoto za reli. Stoo hakukuwa na kokoto. Nilinyamaza, nisimvunjie heshima yake."

Nikamwuliza, "Na chakula ulichokuwa ukimfungia kila siku?"

"Ningefanyaje? Mtu anayekaa kutwa bila kazi naye anasikia njaa."

Ndugu msikilizaji, fikiri juu ya nyumba ile. Mlikuwa na watu watatu wanaopendana, kila mmoja alijua, na kila mmoja alikuwa peke yake. Baba alikuwa peke yake kwenye benchi, mama peke yake jikoni na pasi yake na chakula chake, nami peke yangu na barua chini ya godoro. Kila mmoja alidhani anawakinga wenzake. Kwa kweli hakuna aliyekingwa. Mzigo haukupungua hata kidogo kwa kufichwa. Ulibebwa mara tatu.

Sisemi kwamba mtoto aelezwe kila kitu. Kuna wazazi ambao, wakishikwa na wasiwasi, humfanya mtoto mshauri wao. Humsomea madeni usiku, humtukania mwajiri, humlilia. Huo nao si ukweli, ni kumtwisha asichoweza. Mimi naona mtoto anastahili kuambiwa mambo manne: lipi linajulikana, lipi bado halijulikani, lipi halitabadilika, na kwamba yeye hana kosa. Aambiwe na mzazi mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kabla hajaambiwa na mtoto wa jirani. Na aambiwe baada ya watu wazima wa nyumba kukubaliana, ili asisikie hili kwa mama na lile kwa bibi.

Jambo jingine ni likizo yenyewe. Fedha ikipungua nyumbani, likizo ya Juni huleta kishawishi, hasa huku kwetu ambako ni msimu wa kahawa na vibarua vinatafutwa. Mtoto kumsaidia bibi yake kuchuma kahawa ya nyumbani asubuhi ni malezi. Hivyo ndivyo sisi sote tulivyokua. Mtoto kupelekwa shambani kwa watu kutwa nzima apate ujira wa kuziba pengo la mzazi ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, nayo iwe kazi isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na hilo limetusaidia sana wazazi wa kipato kidogo. Lakini ada kuondolewa hakuzuii mtoto kupotea njiani kati ya Juni na Julai. Anapotea pale anapoanza kuamini kwamba nyumbani wanahitaji zaidi mikono yake kuliko daftari lake. Ndiyo maana nilimwambia binti yangu mapema, na kwa maneno yasiyo na shaka: shule huachi.

Mtauliza, kikao cha Jumatatu kilikwendaje? Tulikaa. Tulielezwa sababu. Tukaomba tuonyeshwe hesabu za kazi za mwaka huu na za mwaka jana, tukachagua wenzetu wawili wa kutusemea, mmoja wao mimi. Tukapendekeza kwamba kabla ya mtu yeyote kuondolewa, kwanza saa za ziada zipunguzwe na likizo zilizolimbikizwa zichukuliwe. Uongozi umesema utalitazama hilo, na kikao kingine kitakuwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ninapozungumza nanyi leo bado sijui. Huenda nikawa karani mwezi Julai, huenda nikawa mkulima kwa mama yangu, katika mikahawa ile aliyoipanda baba alipotoka kwenye benchi.

Jumatatu jioni nilipiga simu Itaka. Safari hii niliomba kwanza kuzungumza na binti yangu. Nikamwambia, "Tumekaa, lakini bado hawajaamua. Tutakaa tena mwisho wa mwezi."

"Sawa, mama," akanijibu. "Leo tumechuma ndoo mbili. Bibi amekula chakula chote."

Ile ripoti yake ninayo hapa. Niliijaza jana usiku. Katika nafasi ya maoni ya mzazi nimeandika: "Nimeiona. Amefanya vizuri. Aongeze bidii katika Kiingereza. Shule ikifunguliwa atakuwepo." Nikatia saini.

Kwa leo naishia hapo, ndugu wasikilizaji. Nawatakieni likizo njema, ninyi na watoto wenu. Kwaherini.